Kopi Inayojitegemea

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Nimebakisha miezi mitano nistaafu. Nimeamua kuiandika ili nijue imekwenda wapi, maana miaka kumi na tisa iliyotangulia sijui ilipopitia. Daftari ni la bure, limeletwa na mwakilishi wa kampuni ya dawa, lina picha ya ubongo kwenye jalada.

Leo mvua, wagonjwa tisa. Kliniki yetu ni ya kifafa tu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa hapa Nakuru, na ngazi zake ni adhabu kwa goti langu. Tuko wanne. Madam Daksha ndiye mwenye kliniki. Ni mfamasia, na aliifungua baada ya kaka yake kufa kwa ugonjwa huo huo. Jerop ni muuguzi. Wamalwa ni askari wa mlangoni. Mimi ni karani wa rekodi. Daktari huja Jumatatu na Alhamisi, akikumbuka.

Jumanne, 6 Novemba

Siku ya aibu.

Asubuhi Madam alikuwa anatoka, akaniambia akiwa ngazini, "Rahab, uchaguzi unakuja, sitaki kulala na wasiwasi. Toa copy ya database yote, iwe independent, uifungie kabatini." Databesi ni lile daftari la wagonjwa lililo ndani ya kompyuta: jina, dawa, kiasi, tarehe ya kurudi. Basi nikatoa kopi. Mtu wa Nakuru akikwambia utoe kopi, anamaanisha karatasi. Wagonjwa mia nne na kumi na wawili, kila mmoja na ukurasa wake. Printa ilifanya kazi hadi saa saba, ikaanza kunuka mpira, ikanyamaza.

Madam aliporudi alikuta karatasi zimefika kiunoni mwangu. "Rahab, hii ni nini?"

"Kopi."

"Copy ya computer, Rahab! Kopi inayojitegemea. Ya kukaa kwa computer ingine hata hii ikiibiwa!"

Jerop alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachambua kurasa za wagonjwa wake wa Keringet, thelathini na mmoja, akazipiga stepla. Yeye ndiye huenda huko kila Jumatano na sanduku la dawa. "Auntie, wewe umenisaidia. Sasa sitakuwa nakupigia kila saa nikuulize dose." Kurasa zilizobaki Madam aliamuru zichomwe, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni siri. Wamalwa alizichoma nyuma ya jengo, kwa pipa, huku akinionea huruma waziwazi.

Jumatano, 7 Novemba

Kabla ya kwenda Keringet, Jerop alinifundisha. Unabonyeza kile kipicha kilicho mbele ya kompyuta, unakibandika kwenye flashi. Sekunde nne. Watu mia nne kwa sekunde nne! Nikajisifu, nikafungia flashi kabatini.

Ijumaa, 16 Novemba

Mvua. Wagonjwa saba. Goti.

Alhamisi, 22 Novemba

Leo daktari alikumbuka. Alipitia databesi akasifu safu ninayoijaza mwenyewe, ile ya Maelekezo ya Kufika Nyumbani. Mgonjwa akikosa kuja mara mbili, Jerop humfuata kwao, na njia za huko kwa mashamba hazina majina. Kwa hiyo mimi huwahoji vizuri. "Ukipita posho mill, pale pa kusaga unga, nyumba ya mabati ya kijani, mbwa mmoja, hang'ati." "Shamba la pili baada ya dip ya ng'ombe, uliza mama wa cherehani." Hakuna mtu katika Kuresoi au Bahati ambaye siwezi kumfikisha mgeni mlangoni kwake. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya kwa moyo hapa, mengine nililipwa.

Jumatatu, 3 Desemba

Kaka yangu Ephantus amefika kutoka Kuresoi na mke wake na watoto watatu. Wamekuja kwa lori la viazi, juu ya magunia. Walikuwa wameona vikaratasi vimerushwa shambani vikiwaambia wahame, wakadharau. Juzi nyumba ya jirani ikachomwa, wakaacha kudharau.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilitaka kumtania Ephantus hivyo, kama tulivyozoea, nikakumbuka majembe yamebaki huko.

Jumanne, 4 Desemba

Watu watano sebuleni. Nimeoga saa kumi na moja asubuhi ili nipate zamu.

Jumatatu, 10 Desemba

Sue Nyokabi alikuja kutoka Keringet kumwona daktari. Huyu ni yule mshonaji wa miaka ishirini na minne anayeniita mathe wa computer, kwa lugha ya vijana mathe ni mama, na ndiye mama wa cherehani niliyemwandika kwenye maelekezo ingawa hajazaa. Ameanguka mara nne mwezi huu, mara moja juu ya cherehani yenyewe. Paji la uso lina nyuzi tatu. Daktari amemwondolea dawa ya zamani kabisa na kumwandikia nyingine, mbili asubuhi na tatu jioni, na akamwonya asiruke hata siku moja.

"Jina la hii ni nani?" Sue akaniuliza, akikodolea macho kadi.

Nikamsomea. Akajaribu kulitamka, akashindwa, akacheka. "Wacha tu, mathe. Ni zile nyeupe."

Nikaiandika kwenye databesi. Ndiyo kazi yangu.

Ijumaa, 14 Desemba

Jua kali, upepo. Ephantus anasema kule kwao waliokuja kuchoma nyumba za Wakikuyu walikuwa na orodha. "Walijua nani ni nani. Walitembea na karatasi, Rahab. Mtu anakaa na wewe miaka ishirini halafu anakuandika."

Mimi ni Mkikuyu na Jerop ni Mkipsigis. Katika miaka sita ya kufanya kazi pamoja sijawahi kuiandika sentensi hiyo, hata kichwani. Leo nimemtazama akijaza sanduku lake la dawa, akihesabu vidonge kwa Kiswahili, na anapokosea hurudia kwa Kikipsigis. Kwa nini nimelitambua hilo leo?

Jumatano, 19 Desemba

Jerop Keringet. Amerudi amekonda uso. Sikuuliza. Zamani ningeuliza.

Alhamisi, 20 Desemba

Nimekwenda kwa Hardeep, fundi wa kompyuta, anichapie lebo za bahasha za dawa, kwa sababu printa yetu haijapona tangu siku ile. Nikampa flashi yangu. Akafungua. Fomu ikaja na nembo yetu juu, masanduku yote mahali pake, jina, dawa, kiasi. Yote matupu. Halafu kompyuta ikalalamika kwamba haioni njia.

"Mama Rahab," Hardeep akasema, "hapa hakuna mtu."

"Wako mia nne na kumi na wawili."

"Wako kwenu. Sikiza. Pranav, yule nephew ya Madam aliwatengenezea hii kitu, alifanya mbili. Ile unafungua kwa meza yako ni dirisha tu. Unachungulia. Watu wenyewe wako kwa ile computer ya stoo, zimeshikana na waya. Sasa wewe umebeba dirisha, nyumba umewacha."

"Mbona nikiiweka kwa laptop ya Jerop inafunguka?"

"Akiwa wapi?"

"Ofisini. Na waya."

"Si ndio hiyo! Toa waya, kwisha. Hiyo haijitegemei, mama. Ni kama kijana wa thirty years anasema amehama kwao, na lunch bado anakula kwa mamake."

Sikucheka. Wiki sita nimekuwa nikifungia dirisha kabatini na kutembea na ufunguo kifuani. Hardeep aliniandikia kwenye karatasi jinsi ya kufanya, hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Hakunitoza hata lebo. Sikujua ni mtu wa namna hiyo. Miaka yote hii nimemwona mtu wa kelele tu.

Ijumaa, 21 Desemba

Nimefuata karatasi ya Hardeep. Nimeingia stoo, nikachukua faili kubwa yenyewe, nikaiambia fomu iitazame hiyo badala ya waya. Dakika ishirini. Nikaipeleka dukani kwake tuijaribu: wote wapo, hadi mbwa asiyeng'ata. Sasa nina flashi mbili kabatini. Ya buluu ni dirisha. Nyekundu ndiyo nyumba.

Sikumwambia Madam kuhusu zile wiki sita.

Jumatatu, 24 Desemba

Naandika hii polepole.

Jerop alikuja saa nne akiwa amevaa nguo za safari, na debe la viazi kutoka kwao, zawadi yangu ya Krismasi. Anakwenda nyumbani Keringet mpaka kura ipite. Amebeba dawa za mwezi mzima na ile laptop ya kliniki.

"Auntie, niwekee database. Zile karatasi zako zimezeeka, wengi wamebadilishiwa dawa. Nikikwama huko nisikose kujua nani anameza nini."

Ombi la haki, la muuguzi. Nikaenda kabatini. Flashi zote mbili zilikuwa zimelala pamoja kwenye kopo la vifungo. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilikuwa nasikia sauti ya Ephantus, walitembea na karatasi, na nikawaona watu wangu mmoja mmoja, kila mmoja na mlango wake, na mimi ndiye niliyeiandika njia ya kuufikia. Nyumba ya mabati ya kijani. Shamba la pili baada ya dip.

Nilichukua ya buluu.

Jerop hakunipa nafasi ya kutubu. Aliijaribu papo hapo, laptop ikiwa na waya, na fomu ikafunguka. Alitafuta jina moja tu, Sue Nyokabi, akatokea na dawa zake mpya, mbili na tatu; hakuzisoma, alitaka tu kuona kama jina linafunguka. "Iko sawa!" akasema, akachomoa waya, akafunga laptop, akanikumbatia. Ana harufu ya moshi na sabuni ya kipande. Akashuka ngazi mbilimbili.

Nilijiambia nawalinda. Labda nilikuwa nawalinda. Lakini naandika hapa, siku hii hii, kabla sijajipangia maneno mengine, kwamba nilijua haitafunguka.

Alhamisi, 27 Desemba

Nimepiga kura. Foleni ya masaa matano. Goti.

Jumapili, 30 Desemba

Matokeo yametangazwa jioni. Mtaani wengine wamepiga vigelegele, wengine mawe. Ephantus amezima redio, akaiwasha, akaizima.

Alhamisi, 3 Januari 2008

Kliniki imefungwa. Jerop amenipigia mara mbili, ikalia kidogo na kukatika. Sina kredito, na duka zote hazina kadi. Barabara ya Molo haipitiki. Unga umepanda.

Jumamosi, 5 Januari

Meseji ya Jerop: *Auntie computer inakataa inasema haioni njia. Sue anasema alibadilishiwa. Dose mpya ni gani jina gani. Haraka.*

Nimezunguka mtaa mzima kutafuta kadi ya simu. Nimerudi na viatu vimejaa vumbi, mikono mitupu. Ephantus akaniuliza nina nini, nikasema ni presha.

Jumatatu, 7 Januari

Tumefungua. Nilifika kabla ya Wamalwa. Nikafungua ukurasa wa Sue, nikampigia Jerop kwa simu ya kliniki. *Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.* Mara sita. Nikaomba simu ya Madam, nikaandika jina la dawa herufi kwa herufi, mbili asubuhi, tatu jioni. Sijui kama imefika.

Madam akauliza, "Kwani copy ya Jerop ina shida gani?"

"Ni hizi kompyuta tu, Madam," nikasema.

Jumanne, 8 Januari

Mteja hapatikani. Wagonjwa wawili.

Jumatano, 9 Januari

Vumbi jeupe la ziwa kila mahali. Nimefua mapazia.

Jumatatu, 14 Januari

Wamalwa anasema watu waliotoka upande wa Keringet kwa malori ya polisi wameshushwa uwanja wa maonyesho. Nimekwenda. Nimetembea katikati ya magodoro na kuku nikiuliza Sue mshonaji. Mama mmoja alisema hamjui, mwingine alisema alikuwa kundi jingine. Vumbi.

Jumatatu, 28 Januari

Siku nne hatukutoka. Ijumaa iliyopita mji wenyewe uliingia wazimu. Ndege ya jeshi ilizunguka juu, kuna kafyu, hakuna kutoka usiku. Nitaandika jambo moja tu: huku mtaani kwetu waliofukuzwa ni watu wa Jerop. Waliowafukuza ni majirani zangu, vijana ambao nimechangia harusi zao. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, na mmoja wao alibisha kwangu kwa adabu, "Mathe, samahani, ile nyumba ya kona wanakaa watu gani?"

Nikasema sijui. Najua. Ni mwalimu Chepkemboi na watoto wake. Waliondoka Alhamisi, namshukuru Mungu, lakini nyumba haikuondoka.

Hawakuwa na karatasi yoyote. Walikuwa wakiuliza tu.

Jumatatu, 4 Februari

Madam Daksha hakukimbia. Nilidhani angeenda kwa dada yake Nairobi. Watu wa namna yake wana pa kwenda. Kila siku amekuja na chupa ya chai na kuzifuta meza yeye mwenyewe. Leo akasema, "Wagonjwa hawawezi kuja kwetu, sisi twende kwao. Leta ile kopi inayojitegemea."

Nikaleta nyekundu. Hardeep alituazima laptop na betri ya gari. Tumekaa hemani uwanja wa maonyesho kuanzia saa tatu, na kwa mara ya kwanza kopi yangu imefanya kazi mbali na waya. Mtu anataja jina, namwona alikuwa akimeza nini, Madam anahesabu vidonge. Wengi kadi zimeungua, dawa zimeungua, wanakumbuka rangi tu. Ya njano. Nyeupe ndogo. Bila kopi tungekuwa tunabahatisha.

Kila jina lilipofunguka nilifikiria laptop ya Jerop.

Mzee Mburu wa Kuresoi, aliyeanza kutibiwa hapa kabla ya kompyuta, alisimama nyuma yangu akatazama skrini. "Hapo umeandika nini?"

"Maelekezo ya kufika kwako. Mabati ya kijani, baada ya posho mill."

"Futa," akasema. "Andika hema ya sita, karibu na choo."

Nikafuta. Mchana wote nilikuwa nafuta njia na kuandika namba za mahema. 

Jumanne, 12 Februari

Vumbi. Hemani. Watu kumi na tisa. Nimechoka hata na kuandika kwamba nimechoka.

Jumatano, 20 Februari

Bado hakuna habari ya Jerop. Ephantus akaniambia, "Yule? Amekaa na watu wake." Nikamwambia anyamaze. Akashangaa, maana alikuwa akirudia maneno yangu mwenyewe ya mwezi uliopita.

Ijumaa, 29 Februari

Wakubwa wametia sahihi mkataba wa amani jana huko Nairobi. Watu wameimba barabarani. Wamalwa amenunulia kila mtu soda. Yangu nimeiacha mezani, gesi ikaisha.

Jumanne, 4 Machi

Leo Jerop amerudi.

Alipanda ngazi taratibu, mkono ukishika ukuta, akaketi kwenye benchi ya wagonjwa badala ya kiti chake. Koti linamning'inia. Madam alimletea chai na tukakaa, yeye na mimi na Madam, na Wamalwa mlangoni akijifanya anatazama nje.

Jerop alisimulia akitazama kikombe. Tarehe thelathini na moja Desemba, nyumba zilipoanza kuchomwa, alikwenda kwa wagonjwa wake mmoja mmoja. Wale wa kwetu, "watu wenu," alisema, bila ubaya wowote, aliwatoa kwao na jamaa zao, akawaficha kwenye ghala la viazi la mamake. Kumi na mmoja wagonjwa, na jamaa zao ishirini na kitu. Mamake aliwapikia ugali kwa sufuria ya harusi. Vijana walikuja mara mbili kuuliza. Mara ya pili mamake alikaa mlangoni mwa ghala akawaambia wampitie yeye kwanza. Tarehe kumi na tatu lori la polisi likawachukua hadi kambi ya Molo.

"Sue alikuwa kati yao pale ghalani," akasema.

Nilijua kutoka kwa neno lile, alikuwa.

"Dawa zake ziliungua na nyumba. Karatasi ya Novemba inasema zile za zamani. Yeye anasema hapana, nilibadilishiwa, ni nyeupe, mbili na tatu. Nyeupe niko nazo aina tatu. Nikafungua computer, fomu inakuja, hakuna mtu. Nikazima, nikawasha. Hakuna mtu. Nikaogopa kumpa kitu sijui, nikafuata karatasi. Akaanguka tarehe sita. Akaanguka nane, mara mbili. Tarehe tisa asubuhi alisema amechoka kunuka, akateremka mtoni kunawa kabla watu waamke." Akanywa chai kidogo. "Tulimkuta humo. Maji yalikuwa ya magoti tu."

Madam alianza kulia. Baadaye akauliza, "Lakini kwa nini computer ilikataa?"

"Sijui, Madam. Ni mashine." Jerop akanigeukia. "Meseji yako niliiona tarehe kumi na nne, auntie, nilipopata charge kidogo, kabla simu izime kabisa. Asante kwa kujaribu."

Nilikuwa nimesamehewa na sijaomba. Ningeweza kukaa nao, msamaha ule, mpaka nistaafu mwisho wa mwezi, na hakuna mtu angejua ila Hardeep, na Hardeep hajui alichojua. Nilikaa nao kama dakika tano. Sijawahi kubeba kitu kizito vile.

Madam akasema tuandike yanayopasa kuandikwa. Nikaketi kwenye kompyuta yangu, nikamfungua Sue Nyokabi. Mahali pa Hali ya Mgonjwa nikaandika: Amefariki, 9/1/2008. Kisha nikamwomba Jerop laptop ya kliniki, nikaweka flashi nyekundu, nikampa kopi ile ya kweli, ile tuliyokuwa nayo hemani. Nikamtafuta Sue humo. Bado alikuwa hai. Mbili asubuhi, tatu jioni, arudi tarehe kumi na nne Januari. Nikaanza kumwandika tena.

"Si umeandika tayari hapo?" Jerop akasema.

"Hii yako inajitegemea. Haijui yaliyoandikwa kwa ile nyingine mpaka mtu aiambie." Nikamaliza kuandika tarehe. "Ile niliyokupa Krismasi haikuwa inajitegemea."

"Najua. Ilikuwa na shida."

"Haikuwa na shida, Jerop. Nilikuwa na mbili. Moja ilikuwa inafunguka popote na nyingine haifunguki ukitoka nayo mlangoni. Nilijua ni ipi ni ipi. Nikakupa ile isiyofunguka."

Madam aliacha kujifuta machozi. Wamalwa alitoka nje, akasimama ngazini.

Jerop alinitazama bila hasira, kama mtu anayejaribu kusoma mwandiko mbaya. "Kwa nini?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga tangu Januari: Ephantus, vikaratasi, watu watano sebuleni, mambo yalivyokuwa. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Kwa sababu ya ile safu ya maelekezo," nikasema. "Niliogopa utawaonyesha watu njia ya kufika kwao."

Akainamia skrini. Jina la Sue lilikuwa bado limefunguka, na chini yake maandishi yangu: shamba la pili baada ya dip ya ng'ombe, uliza mama wa cherehani. Jerop alisoma mpaka mwisho.

"Njia naijua, Rahab," akasema. "Miaka sita natembea kwa hizo nyumba na miguu yangu. Hii list haingenionyesha njia. Ingenionyesha dawa."

Kisha akavuta kiti chake karibu na mezani, akaniambia nisome jina linalofuata.